Saketi, mita na kujiamini: maswali ya wanafunzi wa umeme wa mwaka wa kwanza, Kisumu na viunga vyake

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi wa umeme, wa digrii na wa diploma, wanaokuja kwenye marudio yetu ya Jumamosi hapa Kisumu. Wengi wanasoma papa hapa mjini, wengine hupanda matatu kutoka Kakamega na Sigalagala. Kila muhula maswali huwa yale yale, kwa hiyo tumeyajibu mara moja. Wazazi nao wana lao karibu na mwisho.

Nilipata A ya fizikia kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Mbona saketi zinanishinda?

Huenda A ile ilipima kitu kingine. Swali likikupa volti 12 na rezista tatu, likakutaka utafute mkondo, unaweza kulijibu bila kujua mkondo ni nini. Unatafuta fomula, unaingiza namba, kalkuleta inamaliza kazi. Chuoni mhadhiri anabadilisha mchoro kidogo tu, anaondoa namba, kisha anakuuliza: "Balbu hii itafifia au itang'aa zaidi?" Hapo fomula haina pa kushika.

Hali hii haijaanzia hapa kwetu. Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, aliwapa wanafunzi wake maswali mawili kwenye mtihani mmoja. La kwanza lilikuwa saketi yenye namba, la kukokotoa kwa sheria za Kirchhoff, zile za kujumlisha mikondo na volteji. La pili lilikuwa na balbu tatu za mfululizo na swichi inayoweza kuufanya mkondo uipite balbu ya tatu bila kuigusa. Lilihitaji maelezo, hesabu karibu haikuwepo. Wengi walilimudu lile la namba, wakakwama kwenye lile la balbu, ingawa mtu yeyote angedhani la balbu ndilo rahisi. Tangu 1991 Mazur alikuwa ameanza kupunguza mihadhara darasani na kuwafanya wanafunzi wabishane wao kwa wao kuhusu maswali ya namna hiyo. Marudio yetu yameazima mtindo huo.

Nitajuaje kama ninaelewa au nimekariri tu?

Jaribu swali hili sasa hivi, kabla ya kusoma jibu la chini. Chukua karatasi.

Kuna betri tatu zinazofanana. Zichukulie kuwa kamilifu, yaani volteji yake haishuki hata uziunganishe na nini. Betri ya kwanza ina balbu moja, A. Ya pili ina balbu mbili za mfululizo, B kisha C. Ya tatu ina balbu mbili sambamba, D na E, kila moja imeshika ncha zote mbili za betri. Balbu zote tano ni za aina moja. Zipange kwa mwangaza, na kando ya jibu uandike sababu kwa sentensi moja.

Swali hili ni maarufu. Lillian McDermott na Peter Shaffer wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walilieleza katika utafiti walioutoa 1992. Wanafunzi wa chuo waliolijibu sahihi walikuwa takriban asilimia 15 tu, na kufundishwa kwa njia ya kawaida hakukuisogeza namba hiyo kwa kiasi cha kujivunia. Ukilikosa, basi una wenzako wengi.

Basi jibu ni lipi?

A, D na E zinang'aa sawa. B na C nazo zinalingana, ila ni hafifu kuliko zile tatu.

Makosa yanayojitokeza ni machache na hujirudia. Ukiandika kwamba B inang'aa kuliko C kwa sababu umeme unaifikia kwanza, unaamini kwamba balbu hula mkondo. Haili. Mkondo unaoingia kwenye balbu ndio huo huo unaotoka upande wa pili. Kinachopungua ni nishati iliyobebwa na kila chaji, ambayo inageuka kuwa mwanga na joto.

Ukiandika kwamba D na E ni hafifu kuliko A kwa sababu "zinagawana", unaamini kwamba betri hutoa mkondo ule ule siku zote, na kazi ya saketi ni kuugawa. Hili ndilo kosa sugu kuliko yote. Paula Engelhardt na Robert Beichner walipotengeneza mtihani wao wa maswali 29 kuhusu saketi za mkondo mnyoofu, ulioitwa DIRECT na kuchapishwa 2004, waliwahoji wanafunzi pia ana kwa ana. Wazo kwamba betri ni chanzo cha mkondo usiobadilika ndilo lililotumika zaidi katika majibu. Betri inashikilia volteji. Mkondo unaamuliwa na betri pamoja na kila kilichounganishwa nayo. Ukiongeza balbu sambamba, betri inatoa mkondo zaidi, na ndiyo maana inaisha mapema.

Kosa la tatu limejificha zaidi. Tuseme tunaongeza rezista baada ya C. Je, B inabadilika? Wengi husema hapana, kwa kuwa mkondo umeshaipita B ndipo ukakutana na rezista. Wanaisoma saketi kama barabara, kituo baada ya kituo. Saketi haiko hivyo. Ukigusa sehemu moja, yote inajipanga upya, na B itafifia pamoja na C.

Haya yanahusiana vipi na stima ya nyumbani?

Sana. Wanaotoka vijijini, kule nyumba zilizo mbali na transfoma, wanajua kwamba saa moja jioni balbu hupoteza nguvu na friji huanza kunguruma vibaya. Waya mrefu una ukinzani wake. Tuseme kwenda na kurudi waya wa kwenu una omu 1. Nyumba ikivuta ampea 2, volti 2 tu ndizo zinazopotelea njiani, na huzioni. Mkivuta ampea 20, volti 20 zinabaki kwenye waya, na kati ya 240 mnapata 220. Sasa ongeza majirani waliounganishwa kwenye laini hiyo hiyo.

Tazama pia hili: jirani anayekaa mbele yako, mbali zaidi na transfoma, akiwasha pampu, balbu yako inafifia. Wewe ndiye "wa kwanza" kufikiwa na umeme, lakini umeguswa, kwa sababu mkondo wa pampu yake unapita kwenye waya mnaotumia pamoja. Mwanafunzi aliyelielewa hili hasemi tena kwamba B haitajua kilichotokea baada ya C.

Nimesikia mnawauliza watu wana uhakika kiasi gani. Hiyo ni ya nini?

Ndicho kiini cha marudio yetu. Kila jibu linaandikwa pamoja na namba kutoka 0 hadi 5: 0 ni kubahatisha kabisa, 5 ni kwamba uko tayari kula kiapo. Hatukulibuni sisi. Saleem Hasan, Diola Bagayoko na Ella Kelley walilieleza mwaka 1999 kama njia ya kutofautisha mtu asiyejua na mtu anayejua vibaya.

Karatasi ya kawaida ya mtihani inawatia watu hao wawili kwenye alama moja ya X. Lakini hawafanani hata kidogo. Aliyekosa akiwa na uhakika wa 1 ana pengo. Mpe kitabu, mpe mfano, ataziba. Aliyekosa akiwa na uhakika wa 5 ana picha nzima kichwani, imepangika, inamletea majibu haraka, na ni ya uongo. Ukimfundisha tena yale yale atatikisa kichwa kukubali, kisha ataendelea na picha yake. Huyu anahitaji kuona kwa macho yake kitu ambacho picha yake inakikana.

Yuko wa tatu, na huyu walimu humsahau: aliyepata jibu sahihi kwa uhakika wa 1. Alama yake ni nzuri, hakuna anayemuuliza lolote, naye anaendelea kuamini kwamba alibahatika. Huenda alibahatika kweli. Huenda pia anaelewa vizuri ila haamini akili yake. Njia ya kujua ni kumwomba aeleze sababu, na mara nyingi sababu inatoka safi kabisa, huku anaomba radhi.

Kwa hiyo mpangilio wetu hauna ajabu. Unatabiri, unaandika namba ya uhakika, unabishana na jirani kwa dakika chache, unaandika tena, ndipo tunaunganisha waya na kupima. Anayechelewa kutabiri mpaka mita imeshaonyesha hajifunzi chochote. Kila mtu huona jibu kuwa la wazi likishatoka.

Kwa hiyo kujiamini ni kubaya?

La. Asiyejiamini hajaribu swali gumu, haulizi darasani, na huacha kozi mapema. Tunachotaka ni kujiamini kulingane na unachokijua.

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kuhusu imani ya mtu kwamba anaweza kuifanya kazi fulani, na kwamba imani hiyo huchota kwenye vyanzo vinne: kufanikiwa mwenyewe, kumwona mwenzako akifanikiwa, kutiwa moyo kwa maneno, na jinsi mwili unavyojihisi, mapigo ya moyo na jasho la mikono. Cha kwanza ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Angalia kwamba ni imani kuhusu kazi fulani. Unaweza kuwa 5 kwenye rezista za sambamba na 0 kwenye kapasita, na hapo huna kasoro yoyote ya tabia. Ndiyo maana mimi siamini sana mihadhara ya "jiamini, unaweza!" inayofanywa wiki ya kwanza ya muhula. Inasisimua mpaka jaribio la kwanza lirudishwe.

Kwenye kundi letu la maabara wavulana ndio hushika mita, mimi naandika tu ripoti. Nifanye nini?

Swali hili hutoka kwa wasichana, na si mara chache. Jibu letu halina mapambo: dai mita. Kwenye marudio yetu kazi zinazungushwa. Aliyeunganisha waya zamu hii, zamu ijayo anaandika, na aliyeandika anapima. Hakuna kubadilishana kimya kimya.

Sababu inarudi kwa Bandura. Ukiandika namba anazozisoma mwenzako, unapata ripoti nzuri bila kufanikiwa mwenyewe kwa mikono yako. Muhula ukiisha, yeye ana uzoefu wa makosa mengi aliyoyatengeneza na wewe una mwandiko mzuri. Kisha watu wanashangaa kwamba "wavulana wanajiamini zaidi". Kama mhadhiri wako hazungushi kazi, mwombe azungushe. Ni ombi la kawaida, halihitaji barua.

Sina vifaa. Naweza kujaribu nini nikiwa nyumbani?

Nenda kwenye maduka ya vipuri vya bodaboda, Kondele au Kibuye, ununue balbu mbili za volti 12 za uzi: moja ya wati 5, nyingine ya wati 21. Omba betri ya pikipiki inayofanya kazi, na utie fyuzi karibu na ncha ya betri, kwa maana betri hiyo ikipigwa shoti waya huyeyuka mkononi.

Kabla ya kuunganisha, tabiri. Zikiwa sambamba, ipi inang'aa zaidi? Zikiwa za mfululizo je?

Sambamba hakuna mshangao, ile ya wati 21 inashinda. Kwenye mfululizo ile ndogo inawaka karibu kama kawaida, na kubwa inaonekana kama imekufa. Nimewaona watu wakiichomoa ile kubwa na kuikagua wakidhani imeungua. Haijaungua. Fanya hesabu: wati ni volti mara volti gawa kwa omu, kwa hiyo ndogo ina omu 28.8 (144 gawa kwa 5) na kubwa ina omu 6.9 hivi. Kwenye mfululizo mkondo ni mmoja, kama ampea 0.34, na volteji inagawanyika kwa kufuata ukinzani: karibu volti 9.7 kwa ndogo, 2.3 kwa kubwa. Maandishi "wati 21" yanasema balbu itakachofanya ikipewa volti 12. Isipopewa, hayaahidi chochote.

Sasa pima kweli. Kwenye balbu kubwa utapata chini ya volti 2.3. Na ukiipima balbu ndogo kwa mita ya omu ikiwa baridi, utapata chache mno kuliko 28.8. Hapa ndipo wengine huamua kwamba fomula ni za mitihani tu. Subiri: uzi wa balbu ukipata joto, ukinzani wake hupanda mno. Ile kubwa haijapata joto, kwa hiyo ukinzani wake ni mdogo kuliko tulivyodhani, na ndiyo sababu inapata volti chache zaidi. Tofauti kati ya hesabu na mita imekufundisha jambo ambalo hesabu peke yake isingekufundisha.

Usijaribu haya kwa stima ya ukutani. Na balbu za LED hazifai, zina elektroniki yake ndani.

Mfano wa maji kwenye mfereji, niutumie au niuache?

Utumie mpaka ukupotoshe. Presha kwa volteji, mtiririko kwa mkondo, bomba jembamba kwa ukinzani: hapo uko sawa. Lakini ukikata bomba maji yanamwagika, ukikata waya hakuna kinachomwagika, mkondo unasimama kote. Tena mfano huo unakufanya udhani elektroni inasafiri mbio kutoka swichi hadi balbu. Kwenye waya wa shaba wa milimita mraba 1 unaobeba ampea 1, elektroni husogea chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita kwa sekunde. Taa inawaka papo hapo kwa sababu elektroni zimeshajaa waya mzima, na msukumo ndio unaozifikia zote karibu kwa wakati mmoja.

Mbona fezi mbili za 240 zinatoa 415 na si 480?

Kwa sababu hazifiki kilele kwa wakati mmoja. Fezi tatu zinazoendesha kinu cha kusagia unga zimepishana kwa theluthi ya mzunguko, digrii 120. Chora mishale miwili ya urefu wa 240 inayoanzia sehemu moja, pembe ya 120 kati yao, kisha pima umbali kati ya ncha zake. Utapata 415 na kitu. Fanya kwa rula kabla ya kufanya kwa namba changamano. Mwanafunzi aliyepima kwa rula haogopi tena namba hizo, na anayeanza na namba changamano huzikariri tu.

Tunaruhusiwa kubishana kwa Kiswahili, au Kijaluo, au Kiluhya?

Ndiyo. Ubishani ndio tunaoutaka. Jibu la mwisho liandike kwa lugha ya mtihani.

Video naielewa kabisa, lakini nikipewa swali nakwama.

Unaelewa maelezo ya mtu mwingine, jambo ambalo ni rahisi. Isimamishe video kabla hajatatua, andika utabiri wako na namba ya uhakika, ndipo uendelee. Video ya dakika kumi itakuchukua saa moja. Ni sawa.

(Mzazi) Mtoto wetu anasema umeme umemshinda, anataka kuhamia kozi ya biashara. Tumlazimishe abaki?

Mzazi, usimlazimishe na usimruhusu kwanza. Mwombe akuonyeshe jaribio alilofeli, na akueleze swali moja alilokosa, hata kama wewe hukusoma fizikia. Akiweza kusema alidhani nini na kwa nini haikuwa hivyo, huyo hajashindwa, amechelewa tu. Akisema "sijui, yote ni magumu", mlete Jumamosi mbili tatu kabla ya kuamua. Na kama moyo wake uko kwenye biashara tangu mwanzo, akaujaza umeme kwenye fomu ya KUCCPS ya kuchagua kozi za chuo kwa sababu nyumbani mlipenda jina la injinia, hilo ni la kuzungumza mezani kwenu, si letu.

Mjomba ni fundi wa stima, hajawahi kusikia jina la Kirchhoff, na kazi yake ni safi. Nadharia ya nini?

Mheshimu mjomba, na umfuate kazini ukipata nafasi. Huenda anazijua sheria za Kirchhoff kwa mikono bila kuzijua kwa jina. Muulize balbu itafanya nini ukiondoa ile ya pili, uone.

Ila chunguza jambo moja: je, anapima kabla ya kugusa? Fundi mwenye uhakika wa 5 anayesema "hii nimeizima" bila kuweka testa ndiye wa kuogopa, hata awe na miaka mingi kazini. Waya wa nyutro, ule wa kurudisha mkondo, unaweza kuwa na umeme kama umekatika mahali, na swichi iliyowekwa upande wa nyutro inazima taa huku laini, waya wenye umeme, ikiendelea kufika kwenye kishikio cha balbu. Wapo waliouawa kwa kuamini taa iliyozimika. Kisheria, kazi ya kuunganisha umeme majumbani inahitaji leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati na petroli, na wewe wa mwaka wa kwanza huna. Kwa hiyo kazi ya jirani "ndogo tu, ya soketi moja" ikataeni kwa adabu.

Nije na nini?

Daftari, kalamu ya wino kwa ajili ya utabiri (ya penseli hufutika, na tunajua kwa nini mnaipenda), na mita kama unayo. Wenye mita waje na fyuzi ya akiba, maana kila muhula yupo anayeiweka mita kwenye ampea na kuibandika moja kwa moja juu ya ncha za betri. Tutakuuliza mita ya ampea ina ukinzani kiasi gani, na kwa nini fyuzi imekatika. Jibu uliandike na namba yake.